Mapango ya Jangwa la Arabuni na Majina Yake

Mtu asikiapo neno jangwa, fikra zake humwendea mchanga, jua kali na kiu. Ni wachache wakumbukao kwamba chini ya mchanga ule, na ndani ya milima mikavu iliyouzunguka, mna mapango yenye kumbi kubwa na vichochoro virefu, na kwamba humo gizani imehifadhiwa historia ambayo juu ya ardhi imekwisha kufutwa na upepo. Katika makala haya twakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mapango hayo yalivyovumbuliwa, hasa yale ya Oman, Yemen na Saudia. Kisha tutauliza swali moja ambalo lahusu mataifa yote yaliyopata kuandikiwa historia yao na watu wengine: ni nani hasa mwenye haki ya kusema kwamba ameligundua pango?

Nchi hizo tatu si ngeni kwetu. Majahazi ya Oman na ya Hadhramaut yalitia nanga katika bandari za pwani ya Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi, na hadi leo Kiswahili husemwa katika nyumba nyingi za Maskati. Uhusiano huo ulikuwa na mema yake, na ulikuwa pia na maovu ya utumwa ambayo hatuwezi kuyasahau. Lakini majirani wa bahari moja hawaachi kuulizana habari, na habari za mapango ya Arabuni zina mafunzo makubwa kwetu.

Kwanza yatupasa kueleza jinsi pango liwezavyo kuzaliwa mahali pasipo na mto. Sehemu kubwa ya milima ya Oman, na ya nyanda nyingi za Saudia, ni mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari ya zamani. Mvua inyeshapo, maji huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na katika udongo, yakawa na ukali mdogo kama wa siki iliyozimuliwa sana. Ukali huo hutosha kulila jiwe la chokaa taratibu sana, ufa ukawa mfereji, na mfereji ukawa ukumbi. Basi penye pango la chokaa palikuwa na maji. Kila pango la namna hiyo ni ushahidi kwamba jangwa lile halikuwa jangwa siku zote. Mwaka 2025 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mawe ya matone yaliyotolewa katika mapango saba ya Saudia, nayo yalionyesha kwamba katika muda wa miaka milioni 8 iliyopita Arabuni ilipata vipindi vya mvua mara kwa mara, ikaota majani, ikapitiwa na wanyama ambao leo hawawezi kuishi humo hata siku moja.

Mawe hayo ya matone ndiyo maandishi ya pangoni. Tone la maji likidondoka kutoka darini huacha chembe ya chokaa juu, na likifika chini huacha chembe nyingine. Miaka ikipita, chembe za juu hufanya jiwe lining'inialo, liitwalo stalaktiti, na za chini hufanya jiwe lisimamalo, liitwalo stalagmiti. Likikatwa, jiwe hilo huonyesha tabaka kwa tabaka, kama shina la mti. Miaka ya mvua huonekana, na miaka ya ukame huonekana pia, maana tone likikoma jiwe halikui.

Mfano mzuri ni pango la Al Hoota, liandikwalo pia Hoti, lililoko karibu na mji wa Al Hamra katika milima ya kaskazini ya Oman. Lina urefu wa kadiri ya kilomita 5, na ndani yake mna maji yenye samaki wadogo vipofu, waliozoea giza hata macho hayana kazi tena. Lilifunguliwa kwa wageni mwaka 2006. Lakini lililolipatia sifa kwa wanachuoni ni stalagmiti zake. Mwaka 2001 wataalamu waliochunguza mojawapo walieleza kwamba kati ya miaka 9,600 na 6,100 hivi iliyopita, mvua za pepo za msimu zilifika mpaka pale. Upepo uliozileta ndio ule ule ambao sisi huuita kusi.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Kusi ni neno ambalo mtoto yeyote wa pwani hulijua. Ni upepo uliowarudisha mabaharia Arabuni na Bara Hindi, kama kaskazi ulivyowaleta kwetu. Leo mvua za kusi huishia Dhofar, kusini ya Oman, ambako milima ya Salalah hugeuka kijani kati ya Juni na Septemba, na nyuma ya milima hiyo ni jangwa tupu. Zamani upepo huo ulikuwa na mkono mrefu zaidi. Kumbe habari za upepo uliojenga miji yetu ya mwambao zimeandikwa ndani ya jiwe katika pango la mbali, maelfu ya miaka kabla ya jahazi la kwanza kutweka tanga!

Sasa tuje kwa watu walioyashuka mapango hayo. Katika milima ya mashariki ya Oman, kadiri ya kilomita 100 kutoka Maskati, kuna uwanda wa juu uitwao Selma. Ni mahali pa mawe na jua, ambapo wachungaji wa mbuzi ndio waliokuwa wenyeji wa kila siku. Juu ya uwanda huo kuna mashimo matatu ambayo kwa mpita njia ni kama visima vilivyoachwa. Mwaka 1983 mtaalamu mmoja, W. Don Davison, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya serikali ya Oman iliyoshughulikia maji, alishuka kwa kamba katika mojawapo. Shughuli yenyewe haikuwa mchezo. Taifa lilitaka kujua maji yamejificha wapi chini ya milima ya chokaa, na njia mojawapo ya kujua ilikuwa ni kuyafuata maji kwenye njia zake za zamani.

Aliyoyakuta chini hayakuwa maji. Ulikuwa ni ukumbi mmoja mkubwa wenye urefu wa mita 310 na upana wa mita 225, na dari lake kama kuba, kimo cha mita 120. Jengo la ghorofa thelathini lingeweza kusimama ndani yake bila kugusa juu, na sakafu yake ingetosha viwanja vinane vya kandanda. Mwanga huingia kwa yale mashimo matatu tu, ukateremka kama nguzo. Katika miaka iliyofuata Davison, pamoja na mkewe Cheryl Jones na wenzao, walirudi kulipima. Shimo lililo refu kuliko yote, lenye mteremko wa mita 158 hewani, likaitwa kwa jina la mama huyo. Vipimo vya miaka ile vililiweka pango hili miongoni mwa kumbi kubwa kabisa za chini ya ardhi zijulikanazo duniani.

Inafaa tueleze maana ya kushuka mita 158 kwa kamba. Kamba hufungwa kwenye mwamba ulio imara, na penye ncha za mawe huwekewa kitu cha kuizuia isisagike. Mshukaji hujifunga mikanda kiunoni na mapajani, huvaa kofia ngumu na taa ya kichwani, kisha huteremka akiipitisha kamba katika chuma kinachoibana ili asiporomoke. Kupanda ndiko kwenye jasho. Humpasa kutumia vyuma viwili viendavyo juu visirudi chini, akajinyanyua hatua kwa hatua kama mkwezi wa mnazi asiye na mnazi. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja mwenye kiburi. Aliye chini hutegemea fundo lililofungwa na aliye juu, na aliye juu husubiri sauti ya aliye chini. Pangoni cheo cha mtu hakimsaidii kitu, humsaidia mwenzake.

Basi pango hilo likapata jina lililoenea dunia nzima: Majlis al Jinn, yaani Baraza la Majini. Ni jina la kupendeza, na watangazaji wa safari hulipenda mno. Mwaka 2007 Felix Baumgartner wa Austria aliruka ndani yake kwa mwavuli, picha zikasambaa kila mahali. Lakini jina hilo si la wenyeji. Wenyeji wa Selma walikwisha kuliita pango lao Khoshilat Maqandeli tangu kale, na kila shimo katika yale matatu lilikuwa na jina lake kabla halijapewa jina la kigeni. Isitoshe, walikuwa na hadithi yao kuhusu asili ya mashimo ya uwanda ule. Husimuliwa habari za mwanamke aitwaye Selma aliyeonewa na chui aliyekuwa akimlia mbuzi wake, na nyota saba zilizotupwa kutoka mbinguni zikatoboa ardhi. Hadithi hiyo si jiolojia, lakini yaonyesha kwamba watu wale waliyajua mashimo yao, waliyahesabu, na walijiuliza yametoka wapi. Tena mchungaji ambaye mbuzi wake aliwahi kutumbukia humo hakuhitaji kuambiwa na mgeni kwamba pana shimo.

Je, twasema kwamba Davison hakufanya kitu? La hasha. Yeye alishuka mahali ambapo hakuna aliyejulikana kupata kushuka, akapima, akaandika, nasi twajua ukubwa wa pango lile kwa sababu yake na wenzake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunalolisema ni kwamba kushuka ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine. Alileta kipimo, hakuleta pango.

Habari ya pili yatuonyesha wenyeji wenyewe wakishika kamba. Katika mkoa wa Mahra, mashariki ya Yemen, karibu na mpaka wa Oman, kuna shimo la mviringo jangwani lenye upana wa mita 30 mdomoni. Ulimwengu hulijua kwa jina la Kisima cha Barhout, jina lenye kutisha, kwa kuwa katika masimulizi ya zamani ya Kiarabu Barhout ni kisima cha roho mbaya. Wenyeji hulijua pia kwa jina la Khasfat Fugit. Ilisemekana kwamba ni gereza la majini, na kwamba anayekaribia huvutwa ndani, na wengine waliogopa hata kulitaja. Maofisa wa jiolojia wa Yemen walikwisha kushuka zaidi ya mita 50 pasipo kufika chini.

Mwezi wa Septemba mwaka 2021 kikundi cha wachunguzi wa mapango kutoka Oman kilifunga safari mpaka hapo. Watu wanane walishuka, na wawili wakabaki juu kulinda kamba. Miongoni mwao alikuwa Mohammed al-Kindi, mwalimu wa jiolojia katika chuo kikuu huko Oman. Walifika chini mita 112. Walikuta nyoka, mizoga ya ndege na wanyama, maporomoko ya maji yatokayo ukutani, na mawe madogo ya mviringo yaitwayo lulu za pangoni, ambayo hufanyika pale tone la maji lidondokapo juu ya chembe ya mchanga na kuigeuza geuza kwa miaka mingi. Harufu mbaya iliyosemwa kuwa ni ya adhabu ya roho ilitoka katika mizoga. Walichukua sampuli za maji, mawe na udongo, wakapanda, wakarudi kwao wazima.

Jambo hili latugusa karibu sana, kwa maana jini ni neno letu pia, na wako wazee wengi wa pwani ambao hawapiti penye pango la mzimu bila kushusha sauti. Vijana wa leo huwacheka. Sisi hatuwacheki. Hofu ile ilikuwa na kazi yake. Mahali paogopwapo hapatupwi taka, mawe yake hayavunjwi ili kuuzwa, na watoto hawaendi kucheza kwenye mdomo wa shimo la mita mia. Hofu ilikuwa ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Lakini hofu hiyo hiyo ilimzuia mwenyeji asishuke, hata akaja mwingine akashuka badala yake na kujiita mvumbuzi. Kikundi kile cha Oman kimetufundisha njia ya tatu: kushuka kwa adabu, kuangalia kwa macho ya elimu, na kurudi kusimulia kwa lugha ambayo watu wa nchi waielewa.

Tutoe na mfano wa Saudia. Katika uwanja wa lava wa Harrat Khaybar, kaskazini-magharibi ya nchi hiyo, kuna pango la Umm Jirsan, ambalo halikuchimbwa na maji bali na moto. Lava ilipotiririka, juu yake iliganda na chini ikaendelea kukimbia, ikaacha njia tupu yenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Mwaka 2024 wachimbaji wa mambo ya kale walieleza kwamba watu wamekuwa wakilitumia pango hilo kwa muda wa miaka 7,000 au zaidi. Hawakuwa wakazi wa kudumu. Walikuwa wachungaji waliopumzika humo na mifugo yao, wakifuata njia baina ya chemchemi na chemchemi, na jirani na hapo waliacha michoro ya kondoo, mbuzi na ng'ombe mwambani. Basi historia ya jangwa si ya wavumbuzi wenye kamba tu. Mchungaji ameitangulia kamba kwa maelfu ya miaka.

Na yasiyoandikwa pamoja na wenyeji hupotea kwa urahisi. Katika jangwa la magharibi la Misri kuna pango liitwalo Djara, lenye stalaktiti zilizofukiwa nusu na mchanga. Mjerumani Gerhard Rohlfs alilifikia mwezi wa Desemba mwaka 1873 na kuliandikia habari zake. Baada ya hapo likasahauliwa na wasomi kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka Carlo Bergmann alipolifikia tena mwaka 1989. Limevumbuliwa mara mbili, hali halikuondoka mahali pake hata hatua moja!

Sasa tuigeuze taa tuielekeze kwetu. Huko Kondoa, katika nchi kavu ya katikati ya Tanzania, kuna miamba yenye michoro ya kale ambayo Mary Leakey aliichunguza mwaka 1951, na ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Pale Mungomi wa Kolo watu wa nchi wameendelea kufanya matambiko ya kuomba mvua; kwao pale si makumbusho, ni mahali pa haja. Karibu na Tanga kuna mapango ya Amboni, yenye sehemu ya mzimu, ambayo hadithi za huko husema njia zake hufika hadi Mombasa, na ambamo katika miaka ya 1950 akina Osale Otango na Paulo Hamisi walijificha waliposakwa na serikali ya kikoloni. Na katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, yalipatikana mabaki ya mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa kadiri ya miaka 78,000 iliyopita. Mwaka 2021, yalipotangazwa, yalikuwa ndiyo maziko ya kale kabisa ya binadamu wa aina yetu yaliyojulikana katika Afrika. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, kana kwamba kichwa kimeegemezwa mto. Wataalamu waliotoka nchi mbalimbali walimpa jina la Kiswahili, Mtoto, na jina hilo likaingia katika majarida ya elimu ya dunia nzima bila kutafsiriwa. Twaona kwamba yawezekana.

Katika lugha yetu neno pango lina maana mbili. Ni uwazi ulio ndani ya mwamba, na ni malipo ya kila mwezi atoayo mpangaji kwa mwenye nyumba. Huenda maneno hayo yamekutana kwa bahati tu, lakini sisi watunzi wa mashairi hatupendi kuacha bahati ipite bure. Aingiaye pango la watu, awe mgeni au mzalendo, anadaiwa pango. Deni la kwanza ni jina: aulize wenyeji wanapaitaje, aliandike kama walivyolitamka, kabla hajafikiri kutunga la kwake. Deni la pili ni taarifa: vipimo, picha na matokeo ya uchunguzi virudi katika nchi yenye pango, kwa lugha isomwayo katika shule zake. Deni la tatu ni hifadhi: asivunje jiwe la matone ili apambe kabati lake, maana kidole kimoja cha jiwe kilijengwa na matone ya maelfu ya miaka, na akikivunja amechana ukurasa ambao hauna nakala nyingine.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili. Pango huvumbuliwa mara nyingi. Huvumbuliwa na mchungaji amtafutaye mbuzi wake, na mama atafutaye maji, na mtu wa kwanza kufika chini kwa kamba, na mwenye kupima, na mwenye kulisoma jiwe. Kila mmoja ana fungu lake. Dhuluma huanza pale wa mwisho anapolifuta jina la wa kwanza. Vijana wa Tanga, Kondoa na Kilifi wana mapango karibu na makwao, na wanao wazee wajuao majina yake na hadithi zake. Kamba na kofia hununuliwa hata mwakani. Wazee hawatungoji hivyo. Basi kazi ianzie kwao, kwa kalamu na daftari, kabla haijaanza kazi ya kushuka.